Kitangari au Kitangali? Ugomvi wa R na L Kijiweni

Shabiki wa Kitangari akiandika kwenye simu kwamba "lefa katuzurumu", hajapumua vizuri, wa Dar keshamjibu: kajifunze Kiswahili kwanza ndo uje kuongea mpira. Mjadala unafia hapohapo. Kama ilikuwa penalti kweli au la, hakuna anayejali tena.

Sasa wadau, cheki hii. Jina la kwao lenyewe halijaamua. Kata inaandikwa Kitangari, chuo cha ualimu cha hapohapo kinaitwa Kitangali. R na L zinakaa mtaa mmoja na maisha yanaendelea, korosho zinavunwa. Chimakonde kwa asili hakina r. Mtu aliyelelewa na l atakuja nayo kwenye Kiswahili pia, kama vile Mzungu anavyohangaika na ng' ya ng'ombe. Wa kwetu anaitwa mshamba, Mzungu anapigiwa makofi kwa kujitahidi!

Na hicho Kiswahili cha kumnyamazishia mwenzio kilichaguliwa mezani. Mwaka 1928 serikali za kikoloni za Kiingereza ziliitisha mkutano Mombasa, ikakubaliwa Kiunguja ndo kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule. Mwaka 1930 ikaanza kazi kamati ya lugha ya kusimamia uamuzi huo. Kimvita, lahaja ya Mombasa yenyewe, yenye hazina ya mashairi ya tangu zamani, kikaachwa tena nyumbani kwake. Kama Mmvita aliamka siku moja akaambiwa Kiswahili chake si sanifu, Mmakonde wa Newala angepona wapi? BAKITA ilianzishwa 1967, nchi ikiwa huru, lakini msingi ulibaki uleule wa Kiunguja.

Wakati wakubwa wanapanga, mashabiki walikuwa na mambo yao. Young Africans, klabu ya 1935, ilikuwa jina gumu mdomoni, watu wakalipinda likawa Yanga. Nani leo anamsahihisha mtu akisema Yanga? Goli, refa na kona vilikuja hivyohivyo, na sasa vimo kwenye kamusi. Fleva, ile ya Bongo Fleva ya miaka ya 1990, nayo ni Kiingereza kilichopindwa na vijana bila kumwomba mtu ruhusa.

Hata kusini walichangia. Ndanda ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2014, mashabiki walikuja na "kuchele", yaani kumekucha, neno la kwao kabisa. Magazeti yakalichukua kama lilivyo. Hakuna mhariri aliyelitia wino mwekundu.

Ila tusidanganyane, kuna sehemu herufi inauma. Andika "Simba wamefunga" badala ya "Simba wamefungwa", w moja tu imedondoka, na kijiwe kizima kimeshashangilia ushindi usiokuwepo. Hapo mtu asahihishwe, tena haraka, kabla hajanunuliwa soda. Na atakayetaka kazi ya utangazaji, au anayejaza karatasi ya mtihani, huyo lazima aijue r yake, maana hapo kuna mkate.

Lakini kwenye "lefa" nani alipotea njia? Wote walijua ni yule mwenye filimbi. Basi ajibiwe: ile penalti ilikuwa halali au haikuwa halali?