Shevalie na Deni Lake



Neno «chevalier» si geni kwa aliyesoma Kifaransa. Katika nishani za Ufaransa na za Ubelgiji, hilo ndilo jina la daraja la chini. Lakini zamani, huko Ulaya, shevalie hakuwa mtu wa nishani kifuani. Alikuwa askari wa farasi, mwenye vazi la chuma, upanga, mkuki na ngao. Jina lenyewe latoka kwa mnyama wake, maana «cheval» ni farasi.

Habari za mashevalie zimetufikia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni hadithi. Karibu na mwaka 1180, mtunzi Chrétien de Troyes alimtungia Marie, mke wa mtawala wa Champagne, hadithi ya shujaa Lancelot. Shujaa huyo anavuka mto juu ya daraja lililo upanga mkali, mikono na miguu ikitoka damu, ili amwokoe malkia. Watu wa Ulaya walizipenda sana hadithi za namna hiyo, wakazisoma miaka mamia. Ndani yake shevalie anapita mwituni, anapigana, anashinda, anakwenda zake. Ni mara chache msomaji kuambiwa farasi yule aligharimu kiasi gani, na nani aliyelipa.

Njia ya pili ni historia, nayo hupenda kuuliza bei. Basi tumtazame shevalie mmoja aliyeishi kweli katika siku zile zile za Chrétien: Guillaume le Maréchal, ambaye Waingereza humwita William Marshal.

Alizaliwa Uingereza karibu na mwaka 1147. Mwaka 1152 mfalme Étienne aliizingira ngome ya baba yake. Baba aliomba siku chache za kusimamisha vita, akamtoa mtoto huyu awe amana ya ahadi yake. Kisha akaivunja ahadi, akaingiza chakula na askari ngomeni. Mfalme akatisha kumnyonga mtoto. Yasimuliwa kwamba baba alijibu kuwa nyundo na fuawe anazo bado, ataweza kufua watoto wengine walio bora kuliko huyo. Lakini mfalme alimhurumia mtoto, akakataa kumwua.

Guillaume alikuwa mwana wa nne, hakuwa na shamba la kurithi. Akapelekwa Normandie kwa ndugu wa ukoo, bwana wa ngome ya Tancarville. Huko alikaa miaka kama minane akijifunza silaha na kutunza farasi. Karibu na mwaka 1166 alifungwa upanga kiunoni, akawa shevalie. Katika vita vyake vya kwanza, huko Drincourt, alipigana kwa ushujaa mkubwa hata farasi wake akauawa. Jioni, chakulani, bwana mmoja akamwomba zawadi: kamba tu ya mkiani mwa farasi, au kola ya farasi ya zamani. Guillaume akasema hana. Watu wakacheka. Kwa nini? Kwa kuwa mchana ule angeweza kuteka farasi wengi pamoja na hatamu zao, naye hakuteka hata mmoja! Ikambidi auze joho lake apate farasi wa kubebea mizigo.

Somo hilo hakulisahau tena. Siku zile ilikuwako michezo ya vita katika Ufaransa ya kaskazini. Makundi mawili ya mashevalie yalishambuliana, si katika uwanja mdogo, bali katika nchi pana, katikati ya vijiji na mashamba. Kusudi halikuwa kuua, lakini kukamata. Aliyekamatwa alitoa farasi na silaha zake, au alijikomboa kwa feza. Guillaume akafanya ushirika na shevalie mwingine, Roger de Gaugi, wagawane mapato sawasawa. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Hao walikuwa na daftari! Karani wa jikoni kwa bwana wao, jina lake Wigain, aliandika kwamba tangu Pentekoste hadi Kwaresima walikamata mashevalie 103.

Mara moja, huko Pleurs katika Champagne, wakubwa walitaka kumpa Guillaume tuzo, wasimwone. Walimkuta kwa mhunzi, kichwa chake kimelazwa juu ya fuawe. Kofia yake ya chuma ilikuwa imepondeka kwa mapigo hata haikuweza kuvuka, na mhunzi alikuwa akiigonga kwa nyundo ili kumtoa.

Je, Ekleziya ilisema nini juu ya michezo hiyo? Iliikataza. Maaskofu waliokutana Clermont mwaka 1130 waliikataza, na mitaguso mikuu ya Laterano ya miaka 1139 na 1179 ikarudia katazo hilo. Aliyekufa mchezoni hakunyimwa kitubio wala komunyo ya mwisho, lakini alinyimwa maziko ya Kikristu. Mashevalie walisikia, wakaendelea kucheza. Katazo hilo liliondolewa na Papa Yohane XXII mwaka 1316 tu.

Tusimdhulumu Guillaume, maana hakuwa mwindaji wa farasi tu. Bwana wake, Henri kijana, mwana wa mfalme, alipokufa mwaka 1183, alikuwa ameweka nadhiri ya kwenda Yerusalemu. Guillaume alikwenda badala yake, akakaa Nchi Takatifu karibu miaka miwili. Mwaka 1189 aliozwa Isabel de Clare, mrithi wa nchi kubwa, na hivyo mtu asiye na shamba akawa miongoni mwa wakubwa wa Uingereza. Mwaka 1216 mfalme Jean alikufa katikati ya vita, akaacha mtoto wa miaka tisa. Guillaume, mzee wa miaka kama sabini, akakubali kumlinda mtoto na kushika nchi. Mwaka 1217 alivaa tena kofia ya chuma, akashinda vita vya Lincoln, nchi ikapata amani. Huyo alikuwa amana iliyovunjwa na baba yake mwenyewe, naye mfalme wake mdogo hakumvunja.

Mwaka 1219 alilala kitandani pa mauti, katika nyumba yake ya Caversham. Alikuwa ameagiza vitambaa vya hariri alivyovileta kutoka Nchi Takatifu, avikwe jeneza lake. Hapo shevalie wake mmoja akamkumbusha mafundisho ya mapadri: hapati wokovu asiyerudisha alichochukua. Guillaume akajibu kwamba makasisi wanawanyoa watu mno. Katika maisha yake alikamata mashevalie 500 na kutwaa farasi na silaha zao. Awarudishie namna gani? Kama ufalme wa Mungu wafungwa juu ya jambo hilo, alisema, hana la kufanya ila kujitia mikononi mwa Mungu na kutubu makosa yake yote.

Siku hizo hizo padri mmoja wa nyumba yake alishauri kwamba mavazi mazuri yaliyokuwa ghalani yauzwe, feza itolewe sadaka kwa ajili ya roho yake. Mgonjwa alikasirika. Pentekoste ilikuwa karibu, na mashevalie wa nyumba yake walizoea kupewa mavazi mapya sikukuu hiyo. Akaamuru wagawiwe kwanza. Nyuma yao wapate maskini. Deni kwa watu wake alilijua na kulilipa. Deni kwa wale 500 hakuona njia ya kulilipa. Alipokelewa katika shirika la mashevalie wa Hekalu, akafa tarehe 14 Mei 1219, akazikwa katika kanisa lao, London.

Lakini deni lingine lingaliweza kulipika. Mmonaki Matthew Paris anasimulia kwamba Guillaume alikuwa ametwaa mashamba mawili ya askofu wa Ferns, katika Irlande. Baada ya kifo chake askofu alikwenda kaburini London, akasema atamfungua marehemu mashamba yakirudishwa. Wana wa Guillaume wakakataa, naye askofu akatabiri kwamba jina lao litakwisha. Maneno hayo huenda yalitiwa chumvi baadaye. Hata hivyo mambo yaliyofuata yajulikana. Guillaume aliacha wana watano. Wa tatu, Gilbert, alikufa mwaka 1241 katika mchezo wa vita karibu na Hertford: hatamu zilikatika, akaanguka, akaburuzwa na farasi. Mchezo uliomtajirisha baba ukamwua mwana. Kufikia mwisho wa mwaka 1245 wote watano walikuwa wamekufa bila mrithi.

Twajuaje habari nyingi hivi za mtu mmoja? Mwanawe wa kwanza aliagiza utenzi wa kumsifu, wenye mistari zaidi ya 19,000, uliomalizika baada ya 1226. Ukasahauliwa miaka mamia. Mtaalamu Mfaransa Paul Meyer aliuona London mwaka 1861 katika mnada wa vitabu vya kale, ukampotea, akautafuta miaka ishirini mpaka akaupata tena. Aliuchapisha kati ya 1891 na 1901.

Utenzi huo uliandikwa kwa sifa, na kwa feza ya ukoo. Lakini mtunzi hakuficha hesabu ya karani Wigain, wala swali la kitandani. Hapo ndipo Guillaume anapopita Lancelot. Lancelot hana mtu wa kumdai, basi tunamshangilia tu. Guillaume alikuwa hodari na mwaminifu kuliko wengi, naye alikufa akidaiwa, kwa kuwa ushujaa haufuti hesabu. Wahenga hawakupata kumwona, lakini walisema vizuri: Dawa ya deni kulipa. Nayo dawa hiyo hunyweka kwa urahisi zaidi deni likiwa bado farasi mmoja, kabla halijafika mia tano.