Muhuri wa Leta na Mashamba Yetu

Leo tunasema juu ya kitu kidogo kilicholeta matata makubwa: muhuri, ile kashe ya wino ambayo wakubwa hugonga chini ya karatasi.

Babu zetu hawakuwa nao. Shamba lilijulikana kwa mbuzi aliyepelekwa kwa mwami, kwa miti ya mpakani, na kwa majirani waliokuwapo siku ile. Bula Matari alikuwa hajafika kwetu bado wakati serikali ya Mfalme Leopold II ilipotoa amri, tarehe 1 Julai 1885, kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya Leta. Na nani aliamua kwamba haina mwenyewe? Mzungu, aliyeona kichaka pale tulipoona shamba linalopumzika. Halafu amri ya 1910 ikamfanya chifu kuwa mtu wa Leta, akapewa medali ya kifuani. Kwa watu wa kijiji medali hiyo ilikuwa kama muhuri: aliyeivaa ndiye aliyesikilizwa, hata kama ukoo haukumtambua.

Uhuru haukuondoa neno hilo. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema ardhi yote ni ya Leta, na haki ya mtu juu ya kiwanja itathibitishwa na cheti cha uandikishaji chenye muhuri wa konservateri. Miaka miwili ikipita, cheti hakivunjwi tena. Kuhusu mashamba ya mila, sheria iliahidi amri ya Rais. Watu wakaingoja miaka makumi.

Lakini sikilizeni vizuri, maana wengi hawajaambiwa: sheria hiyohiyo inataka uchunguzi kabla ya muhuri. Mtumishi aende shambani, aone mipaka, aandike watu waliomo, asikie malalamiko yao. Mara nyingi mwenye pesa alimaliza mambo mjini, na mkulima akajua habari siku askari walipokuja kumtoa.

Vita ikazidisha. Kati ya 1999 na 2003 huku Beni na Butembo tulitawaliwa na RCD-K/ML, Goma ilikuwa na RCD yake, na Kinshasa serikali yake: mihuri mbalimbali katika nchi moja. Amani ilipoandikwa, jirani alimtupia jirani neno, "karatasi yako ni ya waasi!" Kwangu mimi neno hilo si la haki. Aliyenunua parsele wakati ule hakuchagua nani akae ofisini.

Januari 2025 M23 iliteka Goma, na serikali ya jimbo ikahamia Beni. Swali la muhuri upi ni wa kweli limeturudia.

Tena kuna jambo la karibu zaidi. Uchunguzi wa 1973 unataka kusikia waliomo shambani. Tangu mauaji ya Oktoba 2014, wenye mashamba mengi ya Beni hawamo. Shefu anayeombwa kugonga kashe juu ya shamba la namna hiyo atamsikia nani? Wazee, watu hao wanalala katika kartye zenu, na majina yao mnayo katika madaftari yenu.