Mpelelezi Aliyefufuliwa na Wasomaji Wake

Nilimwazima mwanafunzi wangu mmoja vitabu viwili vya hadithi fupi za Sherlock Holmes, kile cha mwaka 1892 na kile cha mwisho cha mwaka 1927. Alipovirudisha akaniuliza, "Mwalimu, je, ni mtu yule yule aliyeviandika vyote viwili? Maana hiki cha kwanza kiliniondolea usingizi, na hiki cha mwisho kimeniletea." Nilicheka, lakini swali lake halikuniacha. Nalo si geni, kwani Waingereza waliliuliza zamani. Basi nimeona vema kuwasimulia habari zake.

Arthur Conan Doyle alizaliwa Edinburgh, katika nchi ya Uskoti, mwaka 1859, akasomea udaktari. Alipofungua kazi yake huko Southsea, wagonjwa walikuwa wachache na saa za kukaa bure zilikuwa nyingi. Ndipo akashika kalamu. Mwaka 1887 ilitoka hadithi ya kwanza ya Sherlock Holmes, mtu afumbuaye mambo ya siri kwa kutazama vitu vidogo, kama matope ya kiatu na majivu ya tumbaku. Wanaomjua Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja aliyetungwa na Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), watamtambua Holmes mara moja, hata kwa kiko chake. Kwa hadithi ile ya kwanza Doyle alilipwa pauni 25, basi. Lakini tangu Julai 1891, alipoanza kuandika hadithi fupi katika Strand, gazeti la kila mwezi la London, jina lake likavuma kila mahali.

Walakini mwenyewe hakuridhika. Moyo wake ulikuwa katika vitabu vya mashujaa wa kale, akaona ya kuwa Holmes anamzuia asifanye kazi iliyo bora. Mwaka ule ule wa 1891 alimwandikia mama yake kwamba anafikiri kumwua Holmes. Mama akamsihi asifanye hivyo. Alingoja miaka miwili. Hata Desemba 1893 akamwangusha Holmes pamoja na adui yake Moriarty katika maporomoko ya Reichenbach, huko Uswisi. Wasomaji wakahuzunika, kisha wakakasirika. Wengi wakaacha kulinunua gazeti lile, na bibi mmoja akamwandikia Doyle barua akianza kwa kumwita mnyama.

Mwaka 1901 akaanza kutoa kisa kirefu cha mbwa wa Baskerville, akikifanya kuwa ni jambo lililotukia kabla ya kifo kile. Watu walikipenda mno, na hata leo wengi hukihesabu kuwa bora kuliko vyote. Ndipo mwaka 1903, gazeti moja la Marekani lilipomwahidi fedha nyingi sana, akamfufua kabisa: kumbe Holmes hakuanguka! Wasomaji wakashangilia. Lakini Doyle mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1924, asimulia kwamba mwenye mashua mmoja wa Cornwall alimwambia ya kuwa Holmes labda hakufa alipoanguka, ila tangu siku ile hakuwa tena mtu yule yule.

Kwa kitabu cha mwaka 1927 neno la mwenye mashua likazidi kuonekana kweli. Mna hadithi humo ya profesa wa chuo anayejitia dawa iliyotoka katika nyani, hata akapanda kuta usiku. Wasomaji waliozoea mambo ya akili wakaona wamedanganywa. Tena katika hadithi mbili, Daktari Watson, rafiki yake Holmes, si msimulizi. Holmes anajisimulia mwenyewe. Hapa pana kosa kubwa. Watson ni macho yetu: huona yote aonayo Holmes asielewe, nasi pia hatuelewi, mpaka fumbo lifumbuliwe. Holmes akisimulia mwenyewe, hana budi kutuficha ayajuayo, nasi twahisi kwamba twafichwa. Doyle hakuwa mjinga wa jambo hili. Katika dibaji ya kitabu hicho alimlinganisha Holmes na waimbaji ambao wakati wao umepita, nao wangali wakirudi kuaga tena na tena.

Wahenga husema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wengi humhukumu Doyle kwa methali hiyo, lakini mimi naona haimpati sawasawa. Mgema huyu hakuharibiwa na sifa. Alichoka kupanda mnazi, akasema amechoka, akashuka. Sisi tukasimama chini tukipiga kelele na kumwonyesha fedha, mpaka akapanda tena. Alikosa kwa kuikubali fedha. Nasi tulikosa kwa kutaka kazi ambayo moyo wake haumo.

Basi nilimjibu mwanafunzi wangu hivi: "Mtu ni yule yule, lakini cha kwanza alikiandika akiwa na hamu, na cha mwisho alikiandika akiwa na deni kwetu." Kisha nikamwambia akirudie kitabu kile cha mwisho, asome hadithi ya daraja la Thor tu, ya mwaka 1922. Alirudi baada ya siku mbili, macho mekundu kwa kukesha. Tangu hapo nimejifunza kutokitupa kitabu kizima kwa sababu ya kurasa zake dhaifu, wala kukichukia cha kwanza kwa makosa ya cha mwisho. Naye mwandishi akituaga, tumwache aende kwa amani.