Masizi Huungua, Majivu Hubaki: Historia ya Utunzaji wa Chujio la Moshi wa Dizeli, 1980–2023

Utangulizi

Historia ya teknolojia mara nyingi huandikwa kama historia ya uvumbuzi: nani alibuni nini, na katika mwaka gani. Utunzaji wa kile kilichobuniwa hupewa nafasi ndogo, kana kwamba kifaa kikishatoka kiwandani huwa kimemaliza historia yake. Chujio la masizi linalofungwa kwenye mfumo wa moshi wa injini ya dizeli linadhihirisha upungufu wa mtazamo huo. Tangu miaka ya 1980 ilijulikana kwamba kauri inaweza kuyanasa masizi. Kilichochukua miongo miwili zaidi ni kujua namna ya kulisafisha chujio lililojaa, na hadi leo swali la nani abebe gharama ya kazi hiyo halijafungwa. Insha hii inafuatilia swali hilo katika Marekani na Ulaya, na inatetea hoja kwamba mafanikio ya chujio yametegemea matunzo yake kuliko ubora wa umbo lake.

Chujio na maadui wake wawili

Chujio la kawaida ni bonge la kauri lenye njia nyingi nyembamba mithili ya sega la nyuki. Njia moja huzibwa mwishoni, na ile iliyo jirani nayo huzibwa mwanzoni. Moshi unaoingia hukosa pa kutokea, ukalazimika kupenya kuta zenye vinyweleo vidogo mno. Gesi hupita, masizi hubaki.

Yale yanayobaki ni ya aina mbili. Masizi yenyewe ni kaboni, nayo huungua na kugeuka gesi yanapopata oksijeni na joto la takriban nyuzi 600 za Selsiasi. Tatizo ni kwamba moshi wa gari linalotambaa katika foleni za mjini haufikii joto hilo. Aina ya pili ni majivu, ambayo kwa sehemu kubwa hutokana na viambato vya mafuta ya kulainishia injini, kama vile kalsiamu, magnesiamu na zinki. Majivu hayaungui. Hujikusanya kidogo kidogo mpaka chujio lifunguliwe na kusafishwa, au litupwe. Kwa hiyo adui wa kwanza huondolewa kwa moto, na wa pili kwa mkono wa fundi.

Funzo la California

Mwaka 1980 Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani lilitangaza viwango vya masizi kwa magari madogo ya dizeli: gramu 0.6 kwa maili kuanzia magari ya mwaka 1982, na gramu 0.2 kuanzia yale ya mwaka 1985. Kiwango cha pili kiliahirishwa hadi 1987, lakini jimbo la California lilikuwa na kanuni zake. Ili kuzitimiza, mwaka 1985 kampuni ya Mercedes-Benz iliuza huko magari ya dizeli yenye chujio la kauri.

Wahandisi waliliweka chujio kati ya injini na turbochaja, mahali ambapo moshi ungali na joto kali, wakitarajia kwamba masizi yangejichoma yenyewe. Matarajio hayo hayakutimia ipasavyo. Machujio yaliziba, na vipande vya kauri iliyovunjika viliweza kuingia katika turbochaja na kuiharibu. Baada ya miaka michache mpango huo uliachwa. Chujio lilinasa masizi kama lilivyokusudiwa, lakini hapakuwa na njia ya uhakika ya kulisafisha likiwa barabarani.

Kutoka mabasi ya Uswidi hadi Peugeot 607

Ufumbuzi ulikuja kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilitegemea kemia ya moshi wenyewe. Mwaka 1989 watafiti wa kampuni ya Johnson Matthey walionesha kwamba dioksidi ya nitrojeni, inayoweza kuzalishwa kwa kupitisha moshi juu ya platinamu, huunguza masizi katika joto dogo zaidi, yapata nyuzi 250. Hata hivyo, salfa iliyomo katika dizeli huidhoofisha platinamu hiyo. Ndiyo sababu mfumo huo ulistawi mapema katika mabasi ya miji ya Uswidi, nchi iliyokuwa imeanza kuuza dizeli yenye salfa kidogo sana mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa maneno mengine, matunzo ya chujio yalianzia katika kiwanda cha kusafishia mafuta, kabla ya kufika gereji.

Njia ya pili ilitoka Ufaransa. Mwaka 2000 Peugeot ilileta gari la 607 lenye chujio la silikoni kabaidi. Kiongeza chenye seriamu kilichanganywa na dizeli kutoka katika tangi lake dogo ili kushusha joto la kuunguza masizi, na kompyuta ya injini ilinyunyiza dizeli ya ziada kila baada ya kilomita mia kadhaa ili kupandisha joto la moshi. Jambo lenye uzito zaidi kwa mwanahistoria ni kwamba gari hilo lilitoka na ratiba: kila kilomita 80,000 chujio lisafishwe kwa maji yenye shinikizo na tangi la kiongeza lijazwe upya. Utunzaji ulikuwa sasa sehemu ya usanifu. Mwaka 2004 chama cha watengenezaji wa magari wa Ulaya kilianzisha daraja la mafuta ya kulainishia yaliyotengenezwa ili yaache majivu kidogo.

Mzigo kwa mwenye gari

Kiwango cha Euro 5, kilichoanza mwaka 2009, kiliruhusu miligramu 5 tu za masizi kwa kilomita, na hivyo chujio likawa kifaa cha kawaida. Hapo ndipo mzigo ulipohamia kwa mwenye gari. Aliyesafiri masafa mafupi kila siku alizima injini kabla masizi hayajamaliza kuungua. Aliyenunua mafuta ya kulainishia yasiyofaa aliongeza majivu. Usipoziba ufa utajenga ukuta: aliyepuuza taa ya onyo aliishia kudaiwa bei ya chujio jipya. Baadhi waliona nafuu kulitoa kabisa na kuidanganya kompyuta ya injini.

Nafuu hiyo ililipiwa na mapafu ya wengine. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani kwa binadamu. Mwaka 2014 Uingereza ilianza kuyafelisha katika ukaguzi wa kila mwaka magari yaliyoondolewa chujio, lakini mkaguzi alitegemea macho, na ganda tupu huonekana sawa na chujio zima. Ubelgiji mwaka 2022, kisha Uholanzi na Ujerumani mwaka 2023, zilianza kuhesabu chembe ndani ya moshi wenyewe.

Hitimisho

Historia hii inaonesha kwamba chujio ni kiungo kimoja katika mnyororo wa mafuta safi, mafuta sahihi ya kulainishia, dereva mwelewa, fundi mwenye vifaa na mkaguzi asiyedanganyika. California ya 1985 ilikuwa na chujio bila mnyororo. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza na kiungo cha mbele zaidi Januari 2015, zilipoweka ukomo wa salfa katika dizeli kuwa sehemu 50 kwa milioni. Hatua hiyo huwezesha chujio kufanya kazi, lakini hailisafishi. Masizi yataungua, majivu yatamsubiri fundi.