Dodoso la Philadelphia

Miaka ya 1960 ilipokuwa inaanza, mjini Philadelphia, Marekani, msaili alikaa na mgonjwa wa sonona akamsomea sentensi za huzuni, moja baada ya nyingine. Mgonjwa alikuwa na nakala yake mkononi, akifuatisha. Sentensi ya kwanza ilikuwa ya mtu asiye na huzuni, ya mwisho ya mtu aliyelemewa hadi hawezi kustahimili. Alitakiwa achague inayolingana na hali yake siku ile. Kila jibu lilikuwa na alama kuanzia 0 hadi 3. Mafungu ya sentensi kama hizo yalikuwa 21, na jumla haikuzidi 63.

Aliyetunga dodoso hilo ni Aaron Beck, daktari wa akili wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliyekuwa amefunzwa katika mkondo wa Freud. Mkondo huo ulifundisha kwamba sonona ni hasira ambayo mtu ameigeuzia nafsi yake. Beck aliiamini nadharia hiyo, ndiyo maana akataka kuithibitisha. Alichunguza ndoto za wagonjwa wake, na kadiri alivyozitazama akaona zimejaa kupoteza, kuachwa na kushindwa: mtu alijiona ndotoni vilevile alivyojiona akiwa macho. Hapo ndipo safari yake ya kuachana na Freud na kujenga nadharia yake mwenyewe ilipoanzia. Dodoso alilichapisha mwaka 1961, pamoja na wenzake wanne.

Katika mji huohuo, mtaalamu wa taarifa za kisayansi, Eugene Garfield, alikuwa akishughulika na jambo jingine kabisa. Wanasheria wa Marekani walikuwa na desturi, tangu 1873, ya kutumia vitabu vinavyoonyesha kila hukumu ya zamani imetajwa na hukumu zipi za baadaye. Garfield akajiuliza: kwa nini sayansi isiwe na kitu kama hicho? Mwaka 1963 alitoa faharasa ya juzuu 5, yenye marejeo milioni 1.4 kutoka majarida 613. Machapisho iliyoyapekua yalikuwa ya mwaka 1961, mwaka uleule wa dodoso.

Tangu hapo makala ikawa na kizazi kinachoweza kuhesabiwa. Ya Beck ilizaa mno, na sababu yake naiona ya kawaida sana. Anayepima sonona hana budi kusema amepimia nini. Mtafiti wa dawa asiyejali kabisa nadharia ya Beck, akilitumia dodoso lake, humtaja. Kwa hiyo hesabu ile kubwa ni ushahidi kwamba kifaa kilishikwa na mikono mingi. Haithibitishi kwamba mwenye kifaa alikuwa sahihi kuhusu chanzo cha maradhi. Wala haithibitishi kwamba tiba aliyoijenga juu ya nadharia yake inafaa. Hilo la tiba lilihitaji kazi nyingine, na Beck aliifanya: mwaka 1977 yeye na wenzake walilinganisha tiba yake ya mazungumzo na dawa ya imipramini, na tiba ikafanya vizuri kuliko dawa. Miaka miwili baadaye kikatoka kitabu chao cha kuwafundisha matabibu namna ya kuitoa.

Garfield alifariki mwaka 2017. Beck alifuata tarehe 1 Novemba 2021, akiwa na miaka 100 na makala zaidi ya 600. Dodoso lilikuwa limefanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1996, lakini mafungu yamebaki 21, na la kwanza bado linauliza juu ya huzuni.