Soja wa Baiti 446: Historia ya Butiloda na Mbona Haijui Kutoka

Kuna maneno mawili yamewatoa vijana jasho kuliko meseji ya landlodi tarehe tano: grub rescue>. Skrini nyeusi, herufi nyeupe, kimya. Ulikuwa na Windows na Linux kwa laptopu moja. Ukaamua Linux haikufai, ama inakula nafasi ya gemu zako. Ukaingia Windows, ukafuta patisheni ya Linux, ukafurahia gigabaiti zako, ukazima mashine ukalala. Asubuhi unawasha na Windows haipo. Yaani iko, na faili zako zote ziko palepale, lakini hakuna wa kukufungulia mlango.

Ukifika hapo unakimbilia fundi, na fundi mwenye haraka atakuambia dawa ni kufomati kila kitu. Unalipa ndiyo upoteze kazi yako. Hiyo ndiyo inaniuma, kwa sababu hapa kwetu laptopu mara nyingi ni moja kwa nyumba nzima, mtumba wa kutoka Uingereza, na ndani yake kuna projekti ya mtu, picha za marehemu nyanya, na vitabu vya hesabu vya duka la mamake. Vyote vinaenda kwa sababu ya programu ambayo ni ndogo kuliko hii aya. Na lawama anabebeshwa mwenye laptopu, ati “nani alikutuma uguse?” Mimi nakataa. Hili balaa lina historia, na wenye kulileta wanajulikana.

Twende 1983. IBM wanatoa kompyuta ya PC XT, ikiwa na hadi diski ya megabaiti 10. Leo picha mbili tatu za simu zinaijaza, lakini wakati huo ilikuwa shamba. PC yao ya kwanza, ya 1981, ilikuwa ya flopi: unaweka flopi yenye mfumo unaoutaka, unawasha, kwisha. Ukitaka mfumo mwingine unabadilisha flopi. Hakuna ugomvi. Ugomvi ulikuja na hadi diski, kwa sababu hiyo haitoki, na sasa lazima mtu aamue nani anaamka kwanza.

Suluhisho lao lilikuja na DOS 2.0, na ukweli ni kwamba lilikuwa la akili sana kwa wakati wake. BIOS, ile programu iliyochomwa kwenye bodi ya mashine, haijui chochote kuhusu Windows wala Linux. Inajua kitu kimoja tu: soma sekta ya kwanza kabisa ya diski, baiti 512. Kama mbili za mwisho ni 55 na AA, iweke kwenye memori na uiachie usukani. Kati ya hizo baiti 512, 64 ni jedwali la patisheni nne, 2 ni hiyo alama ya mwisho, na 446 zinazobaki ndizo programu yenyewe. Baiti 446 ni kama SMS tatu na kidogo. Huyo ndiye soja wa geti. Kazi yake ni kuangalia jedwali, kujua mwenye nyumba ni nani, na kumwamsha.

Sasa ona shida. Jedwali liliwekwa ili mifumo tofauti igawane diski moja, nyumba nne kwa ploti moja. Lakini geti ni moja na kibanda cha soja ni kimoja. Hakuna mahali ilipoandikwa kwamba soja mpya akija amuulize wa zamani ruhusa, ama kwamba akiondoka amrudishe. Yeyote anayeandika kwenye sekta ya kwanza anakuwa soja. Aliyekuwa pale anafutika kama chaki.

Miaka minane baadaye, 1991, mwanafunzi wa Helsinki anaitwa Linus Torvalds anaandika Linux. Watu husahau kwamba hata yeye alianza na mifumo miwili kwa kompyuta moja: Minix upande huu, mradi wake upande ule. Halafu siku moja akitaka kuiambia modemu ipige simu, akaielekeza amri kwa hadi diski. Patisheni ya Minix ikaharibika. Badala ya kuiweka tena, akaamua kuiboresha Linux hadi imtoshe peke yake. Kwa hiyo ukiona mtu anajidai kwamba Linux yake haijawahi kumharibia kitu, mkumbushe kwamba ilianza kwa kuharibu nyumba ya jirani, tena mikononi mwa baba yake mwenyewe.

Soja wa kwanza wa Linux kuwa maarufu aliitwa LILO, kazi ya Werner Almesberger, kuanzia miaka ya mwanzo ya 90. Mimi namheshimu LILO kwa sababu mbili. Kwanza, alikuwa anachapa jina lake herufi moja baada ya nyingine kadiri anavyofanikiwa. Ikikwama kwenye “LI”, unajua imekufa hatua gani. Yaani kufa kwake kulikuwa na maelezo. Pili, na hii ndiyo kubwa, kabla ya kukaa kibandani alihifadhi nakala ya soja wa zamani kwenye faili, na ukiandika lilo -u alimrudisha kazini na kujiondokea. Hiyo ni adabu. Mgeni anayeingia akijua siku moja atatoka.

Upande wa Microsoft, DOS 5.0 ya 1991 ilikuwa na amri fdisk /mbr, inayoandika upya baiti 446 za kawaida bila kugusa jedwali la patisheni. Dawa kamili ya tatizo letu. Lakini Microsoft hawakuiandika kwenye vitabu vyao vya maelezo! Watu waliambiana tu, kama dawa ya kienyeji. Halafu instola ya Windows 95 ilipofika, ilikuwa inamfuta soja yeyote inayemkuta bila hata kubisha hodi. Ulikuwa na Linux? Pole. Linux iko palepale kwa diski lakini soja mpya hamjui huyo mtu.

Hapo ndipo mambo yalitoka kwa ufundi yakaingia kwa pesa. Kulikuwa na kampuni ndogo Marekani, Be Inc., ya Jean-Louis Gassée aliyekuwa bosi Apple. Mfumo wao BeOS ulikuwa mwepesi na mzuri sana kwa video na muziki. Hitachi walikubali kuuza kompyuta Japani zenye Windows na BeOS pamoja. Zikauzwa kweli, lakini ukiwasha hukuona menyu ya kuchagua. BeOS ilikuwa imelala kwenye diski ya mnunuzi, na yeye lazima afuate maelekezo marefu ndiyo aifikie. Gassée alisema sababu ni mkataba wa siri kati ya Microsoft na watengenezaji: ukitaka Windows kwa bei nzuri, usiguse kinachotokea mashine inapowaka. Be waliuza mali yao kwa Palm 2001, wakaishtaki Microsoft Februari 2002, na mwaka uliofuata wakalipwa dola milioni 23.25 kesi iishe, Microsoft wakisema hawajakubali kosa lolote. Fikiria hiyo. Kampuni nzima ilikufa ikipigania menyu ya sekunde tano. Ndiyo maana mtu akiniambia butiloda ni kitu cha manadi tu, namwangalia hivi.

Lakini wacha nisiwe shabiki wa upande mmoja. GRUB, ambayo Erich Boleyn aliianza 1995 na baadaye mradi wa GNU ukaichukua, ilimshinda LILO kwa nguvu. Inaelewa mifumo ya faili, inakupa menyu, na inaweza kumpigia jirani simu, yaani inaorodhesha Windows pia. Ila haitoshei kwenye baiti 446. Kwa hiyo GRUB hujigawa: kipande kidogo kibandani, kingine kwenye nafasi tupu kabla ya patisheni ya kwanza, na vingine vingi, pamoja na menyu, ndani ya patisheni ya Linux yenyewe. Umeanza kuona? Ukifuta patisheni ya Linux umebomoa nyumba anakolala soja, lakini kofia na rungu bado viko getini. Ukiwasha, anaamka, anatafuta akili yake, anaambulia “no such partition”, kisha anakutolea ile grub rescue>.

Na hadi leo GRUB haina amri ya kujiondoa. Kuna grub-install. Hakuna ndugu yake wa kuondoa. Kwa wakati huo wote wameongeza rangi, picha za nyuma, hata muziki wa kuanzia, lakini mlango wa kutokea hapana. Watu wa programu huria hupenda kusema uhuru ni kila kitu. Sawa, na uhuru wa kuhama uko wapi?

Waliokaribia kunifurahisha ni Ubuntu. Hawa walikuwa wanatuma CD za bure kwa posta popote duniani, kuanzia 2005 hadi 2011, na nyingi zilifika mikononi mwa watu ambao hawakuwa na intaneti ya kudownlodi chochote. Kisha 2008, kwenye toleo la 8.04, wakaleta Wubi. Unaiendesha ukiwa ndani ya Windows, inaweka Ubuntu yote kama faili kubwa, na inajiongeza kwa menyu ya Windows bila kumfukuza soja. Ukichoka nayo, unaenda pale unapoondolea programu zingine, unabonyeza, imekwisha. Wakaiacha 2013. Sababu za kiufundi zilikuwepo, Windows 8 na mashine mpya ziliivuruga, lakini mimi bado naona ndiyo ilikuwa mara ya mwisho mtu kumfikiria anayejaribu tu.

Siku hizi kibanda kimehama. Intel walianza EFI kwa ajili ya mashine za Itanium, na 2005 ikakabidhiwa muungano wa kampuni ikawa UEFI. Badala ya baiti 446, sasa kuna patisheni ndogo ya FAT yenye folda: EFI\Microsoft, EFI\ubuntu, kila soja na chumba chake. Bodi ya mashine nayo ina memori inayoshika majina yao na zamu zao. Kwa hiyo ile vita ya kufutana iliisha, angalau kwenye karatasi.

Hapa ndipo ushauri mwingi wa mtandaoni hukupoteza. Utaambiwa uandike bootrec /fixmbr. Hiyo ni mjukuu wa fdisk /mbr, ilikuja na Vista, na inaandika kwenye kibanda cha zamani. Kama laptopu yako inatumia UEFI, utakuwa unapaka rangi nyumba isiyo na mtu. Cha maana ni kwanza kuhifadhi faili zako pengine, na kama diski imefungwa na BitLocker, uwe na namba ya kuifungua iliyoandikwa mahali nje ya hiyo mashine, kwa sababu ukigusa mpangilio wa kuwaka inaweza kuiuliza. Halafu ingia kwenye mipangilio ya UEFI uweke Windows Boot Manager mbele. Ikiwaka vizuri bila GRUB, ndiyo ufute patisheni za Linux, si kabla. Mwisho, ndani ya Windows, fungua Command Prompt kama msimamizi: mountvol S: /S inaipa ile patisheni ndogo herufi, na rd /s S:\EFI\ubuntu inaondoa chumba cha GRUB. Folda ya Microsoft na ile ya BOOT usiziguse. Jina likibaki kwenye orodha, bcdedit /enum firmware itakuonyesha kitambulisho chake, na bcdedit /delete pamoja na hicho kitambulisho italifuta. Ukitaka kufanya ukiwa bado kwa Linux, kuna efibootmgr. Hakuna kufomati popote hapo.

Ila kuhusu nani ana ufunguo wa geti, kesi haijaisha. Windows 8 ilipotoka 2012 ilikuja na Secure Boot: mashine haikubali soja asiye na sahihi, na sahihi inayotambuliwa na karibu kila laptopu dukani ni ya Microsoft. Linux ilibidi itafute njia, na Matthew Garrett akaandika shim, programu ndogo inayotiwa sahihi na Microsoft halafu yenyewe inamkaribisha GRUB. Inafanya kazi. Lakini soma hiyo sentensi tena: ili uwashe Linux kwenye laptopu uliyonunua kwa pesa yako, soja wako anabeba barua kutoka kwa mshindani.

Agosti 2024 tukaona barua hiyo ikichanwa. Apdeti ya Windows ilizuia matoleo ya GRUB yenye tundu la usalama lililojulikana tangu 2022. Lengo halikuwa baya, tundu lilikuwa la kweli. Microsoft walisema apdeti haitagusa kompyuta zenye mifumo miwili. Iliwagusa. Watu waliwasha Linux wakakuta “Something has gone seriously wrong”, na mashine ikazima. Waliopona walizima Secure Boot kwanza, wakaingia Linux, wakaandika sudo mokutil --set-sbat-policy delete, wakawasha mara mbili, kisha wakarudisha Secure Boot na kuendelea na kazi.