Utazamaji wa Ndege, Dar es Salaam

Utazamaji wa ndege ni shughuli ya kuwatambua ndege wakiwa huru katika mazingira yao, kwa macho, kwa darubini ya mkono na kwa sikio, kisha kuandika spishi iliyoonekana, mahali na tarehe. Katikati ya jiji la Dar es Salaam shughuli hiyo imefungamana hasa na chama cha hifadhi ya wanyamapori kijulikanacho kwa kifupi chake, WCST, kilichoanzishwa mwaka 1988, ambacho kiliweka ofisi katika Barabara ya Garden, jirani na Bustani ya Mimea iliyoasisiwa na Wajerumani mwaka 1893. Matembezi ya chama hicho yalifanyika Jumamosi ya kwanza na ya mwisho ya mwezi, kuanzia saa 1:30 asubuhi, kabla joto halijawafukuza ndege vichakani.

Tanzania ina spishi za ndege zaidi ya 1,100, na si haki kudhani kwamba zote ni za Serengeti na Ngorongoro. Miti mikongwe ya Bustani ya Mimea huwalisha chozi na shore. Vijumbamshale huruka juu ya maghorofa ya Kariakoo. Mwewe huzunguka juu ya soko la samaki la Feri. Na katika bonde la Mto Msimbazi, linalotenganisha Kariakoo na Magomeni, yangeyange hutafuta wadudu na vyura kwenye majani yenye unyevu. Mto huo unapoingia baharini karibu na daraja la Selander, kwenye mikoko na matope yanayobaki maji yakipwa, hufika sululu, vitwitwi na jamaa zao waliozaliana Ulaya ya kaskazini na Siberia, ambao hukaa pwani ya Afrika Mashariki takriban kuanzia Agosti hadi Aprili.

Ndege anayeonekana kuliko wote, hata hivyo, ni mgeni. Kunguru wa India aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili ale taka za mji, akaongezeka, akavuka bahari, na leo ameenea katika miji mingi ya pwani hadi Afrika Kusini. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, huiba vifaranga, na amemsukuma nje ya jiji kunguru mwenyeji, yule mwenye kifua na shingo nyeupe. Mitego ya vizimba, ambamo kunguru hai huachwa awavute wenzake, imetumika pamoja na sumu Zanzibar na Dar es Salaam. Zanzibar idadi yao ilishuka sana katika miaka ya 1990, lakini ikapanda tena kampeni ilipolegea. Sababu haijifichi: mabaki ya samaki, nyama na matunda yanayolala wazi sokoni usiku kucha ni chakula cha kutosha kulea kizazi kingine. Kwa hiyo elimu ya ndege katika mtaa kama Kariakoo haina budi kuanzia kwenye jalala, na mwalimu anayewapeleka wanafunzi kuhesabu kunguru wanaporudi kulala jioni anawafundisha kwa pamoja ikolojia, hesabu na usafi wa mji.

Kumbukumbu za watazamaji zina kazi kubwa kuliko burudani. Ndizo zilizojenga atlasi ya ndege wa Tanzania, yaani ramani za mahali kila spishi ilipoonekana na miezi yake, na ndizo zilizosaidia kuandaa orodha ya maeneo muhimu kwa ndege nchini, ambayo WCST iliichapisha mwaka 2002. Orodha hiyo ina maeneo takriban 80, mojawapo likijumuisha misitu ya Pugu, nje kidogo ya jiji, ambako WCST pia iliendesha kazi ya hifadhi, na ambayo ukataji wa miti kwa kuni na mkaa wa kuuzwa Dar es Salaam umeimega kwa miongo mingi.

Jijini Nairobi matembezi ya kutazama ndege ya kila Jumatano, yaliyoanza mwaka 1971 chini ya jumuiya ya elimu ya viumbe iliyoundwa mwaka 1909, yamelea waongoza watalii na watafiti wengi wa Kikenya. Dar es Salaam haikosi mbegu ya namna hiyo: Roots & Shoots, mtandao wa vijana wa mazingira ulioenea duniani, ulianzia katika jiji hili mwaka 1991, mtafiti wa sokwe Jane Goodall alipokutana na wanafunzi wa sekondari nyumbani kwake. Kinachopungua ni vitabu vya kutambulia ndege vilivyo katika lugha ya wanafunzi wenyewe, kwa kuwa vile vinavyotumika zaidi ni vya Kiingereza na bei yake ni kubwa.

Haja ya watazamaji wanaoandika kumbukumbu imekuwa ya haraka zaidi kwa sababu ya mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi, ulioidhinishiwa fedha na Benki ya Dunia mwaka 2022, ambao unakusudia kudhibiti mafuriko ya eneo la Jangwani na kugeuza sehemu ya bonde kuwa bustani ya jiji. Iwapo yangeyange na vitwitwi watabaki huko, au watahama na kuwaachia kunguru nafasi, itajulikana tu kwa kulinganisha hesabu za baada ya ujenzi na zile zilizoandikwa kabla yake.